Pikipiki Isiyoomba Mkono wa Kushoto

Mama yangu hapendi kubebwa. Hapa Butembo hata mbuzi hupandishwa pikipiki na kufika sokoni amekaa vizuri kuliko abiria, lakini yeye anatembea. Taximan akisimama mbele yake na kumwambia, "Mama, panda twende," anamjibu, "Niko na miguu, aksanti," na yule kijana anabaki kunitazama mimi kana kwamba ni mimi niliyemnyima mama yangu pikipiki. Ni mara ngapi nimeaibika hivyo barabarani, sihesabu tena, na kazi yangu ni kufundisha hesabu.

Anataka kujiendesha mwenyewe, na kinachomzuia ni mkono wake wa kushoto. Alipokuwa msichana alianguka na mzigo wa kuni, mfupa ukaungwa vibaya, na tangu siku hiyo vidole vyake vya kushoto vinanyooka lakini havikunjiki. Anaweza kuegemeza kitu juu ya mkono ule, hawezi kukibana. Kwa mkono mmoja na nusu amepokea watoto kijijini kwetu Luofu na vilima vyote vya jirani, kwa kuwa yeye ni mkunga, na sijasikia mtu hata mmoja akisema mkono ulipungua. Mais pikipiki haijali sifa zako. Pikipiki zote za huku zinataka vidole vya kushoto vibane ile embrayage, klachi ya usukani, kila unapobadilisha vitesse, yaani gia. Zote, isipokuwa moja.

Hiyo moja ilikuwa ya masista wa Luofu. Pikipiki ndogo nyekundu ya njia mbaya, matairi yenye meno, bomba la moshi limenyanyuliwa juu lisinywe maji ya mto. Upande wa kushoto wa usukani haukuwa na kitu cha kubana. Unakaza gazi kwa mkono wa kuume, inaenda. Unaachia, inatulia chini yako na kukungoja. Vijana waliiita moto ya wavivu. Masista walipozeeka na kurudi kwao, walimwachia mama ufunguo, na kuanzia siku ile hakuna aliyembeba tena. Nimekua nikiusikia mlio wake ukishuka kilimani alfajiri, na kwa mlio tu nilijua kama mtoto amezaliwa salama: ikiwa salama, mama alikata gazi mbali na kuiacha iteremke kimyakimya.

Vita vilipofika Luofu, watu walibeba magodoro, kuku, milango ya nyumba. Mama alibeba kikapu cha kazi na kile kipembe chake cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, akawasha pikipiki. Siku mbili njiani. Nilimkuta mbele ya mlango wangu, mwekundu wa vumbi mpaka kope, nikaanza kulia, naye akaniuliza, "Kuko maji ya moto?"

Pikipiki iliyotoka Luofu bila kukohoa ilikaa kwangu juma moja, ikakataa. Injini ililia kwa nguvu zote na gurudumu halikusogea hata kidogo. Mama aliikaza, akaikaza, kisha akaizima na kukaa juu yake pale uani muda mrefu.

Wakati huohuo bureau ya afya ilikuwa inatafuta mkunga wa kituo kidogo kilicho juu ya kilima, nje ya mji, upande ambao magari hayaendi. Mkubwa wa bureau alimpokea mama kwa heshima, akampa kiti chake mwenyewe. "Mama, kazi yako tunaijua," alimwambia nami nikisikia. "Mais kule hatuna namna ya kukupeleka. Mukunga wa kule lazima ajilete mwenyewe, saa yoyote wamama wanamuhitaji. Nitakuwekea nafasi mpaka Pasaka. Kisha, pole, nitatia mwingine." Hakuwa mbaya. Mama alikuwa katika umri ambao watu wanaanza kukushauri upumzike, na nafasi ile ikipita haitakuja nyingine. Yeye alijua, nami nilijua.

Nilimwambia tutafute taximan mmoja mwaminifu awe anampandisha. Alinitazama kama mwanafunzi aliyejibu ovyo. "Na akilewa? Na akigonjwa? Mwanamuke mwenye uchungu angoje taximan amalize bugali?" Akaanza kupanga sufuria zangu. Kesho yake akazipanga tena, kwa mpango mwingine. Wiki ya pili nilirudi kutoka shule nikamkuta anachambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa asubuhi, na moyo wangu ukauma kabisa. Mama yangu alikuwa anazeeka jikoni mwangu, mbele ya macho yangu.

Basi tukaisukuma pikipiki mpaka kwa fundi.

Nyuma ya soko, chini ya mabati mawili, kuna fundi ambaye mafundi wengine humpelekea vitu vilivyowashinda. Ni mtu mwembamba, huvaa koti la misa juu ya nguo za oili, eti kazi ni kazi. Kabla ya kufungua injini alivua kofia. Nilidhani anatusalimia sisi, kumbe anaisalimia pikipiki. Alifungua kila skrubu taratibu na kuipanga juu ya gazeti kwa jinsi ilivyotoka, hata mtu asingehitaji kuuliza hii ni ya wapi. Nikampenda saa ileile. Mimi nina hasira za karibu, wanafunzi wangu wanajua, lakini mtu anayepanga vitu vyake hivyo ananituliza.

Alitutolea ugonjwa kwenye kiganja chake. Ndani ya pikipiki ile mna vipande viwili vya chuma vyenye umbo la mwezi mchanga; fundi anaviita masabo. Injini ikienda polepole, masabo yanalala. Injini ikikimbia, yanafunguka, yanakamata ngoma ya chuma inayoyazunguka, na ngoma inavuta gurudumu. Ndiyo maana haihitaji mkono wako. Sabo moja lilikuwa limevunjika vipande vitatu. La pili lilikuwa zima, ila limelika. Ngoma nayo ilikuwa na ufa.

"Mama," fundi alisema, "ile inabana kwa niaba yako, imekufa."

"Basi itafutwe," mama akajibu.

Weh, tuliitafuta! Butembo ni mji ambao ukitaka kitu kilichotoka Dubai utakipata, cha Chine utakipata, cha zamani za wazazi wetu utakikuta kwenye kijisanduku nyuma ya duka la mtu. Nilipita magasin moja baada ya nyingine baada ya masomo, na sabo langu kwenye karatasi. Wenye duka waliligeuza, wakalinusa, wakaitana. "Hii ni ya nini?" Nikieleza, wanacheka: moto bila embrayage, mwalimu, hiyo ni moto ama ni kiti? Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira na mama anapanga sufuria.

Mtu akatuambia kwamba Beni kuna mzee, zamani alikuwa agronomu, bwana shamba, mwenye pikipiki kama ile. Jumamosi nikateremka Beni. Kweli nilimkuta mzee, na pikipiki ipo chini ya mwarobaini, kuku amelalia mayai mahali pa kiti. Masabo yalikuwa yamekwisha zamani, lakini ngoma ilikuwa nzima, inang'aa ndani. Mzee aliifungua kwa mikono yake, akaifunga ndani ya gunia la kakao, akanizuia nisimshukuru sana. Alitaka jambo moja: siku pikipiki yetu itakapolia tena, nimpigie simu nimsikilizishe. Alikuwa ameusahau mlio wake.

Kwa hiyo tulikuwa na ngoma, na fundi alikuwa ametengeneza mengine yote. Kiti alikishona upya kwa ngozi ya tairi la ndani. Waya za gazi alizisuka. Sehemu ya kabureta iliyokuwa imeliwa na kutu aliichonga kutoka kwenye mguu wa sufuria ya aluminiamu, kwa tupa, siku nzima, na ukiitazama huwezi kuitofautisha. Masabo aliyachonga pia, kutoka breki ya lori. Mama akapanda kujaribu. Pikipiki ilinguruma, ikalala, ikanguruma, halafu ikaruka mbele kama mbuzi aliyekata kamba, ikaingia kwenye lundo la avoka la mama jirani. Chuma cha lori kilikuwa kizito mno, kilijua kulala na kuruka, kutembea hakikujua. Mama aliinuka na avoka kwenye magoti, akicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Kwaresima ilikuwa imefika katikati.

Ndipo tukamkumbuka mfanyabiashara mmoja, mama wa Luofu mwenye duka la mabeseni na matairi, ambaye watoto wake wote walipitia mikononi mwa mama. Alikuwa anakwenda Chine wiki ile. Sasa, wafanyabiashara wetu wana namna yao. Kichina hawakijui, na ramani za kiwanda hawazitaki. Wanabeba kitu chenyewe. Kama ni kufuli, wanabeba kufuli; kama ni mfuniko wa sufuria, wanabeba mfuniko, wanauweka juu ya meza kule, wananyoosha kidole, na kiwanda kinaelewa. Mji huu umejengwa hivyo. Nami nililisafisha lile sabo zima kwa petroli, nikaling'arisha kwa jivu, nikampelekea. Fundi alikuwa ameniambia, "Mwalimu, ujue hili limelika, umwambie." Nilifika dukani nikakuta mtu anazungumza na simu mbili na watu kumi. Nikajisemea, kitu chenyewe kitajieleza. Nikamwachia.

Akarudi Jumapili ya Matawi jioni, akatuletea carton. Si kifurushi, carton, vijana wawili wameibeba.

"Mama, nilikuomba moja," nikamwambia mfanyabiashara.

"Miye nitoke Chine na kipande moja?" Alishika kiuno. "Batanicheka toka Kasindi mpaka hapa! Na kile kiwanda hakiwashi mashine kwa kipande moja. Chukua, ni za mama yako, alinishika mukono mara sita."

Tulifungua carton kwa fundi. Masabo yalipangwa kwa safu ndani ya karatasi ya nta, mapya, mazuri, yote yakifanana. Nilipiga makofi. Fundi alichukua moja, akapitisha kidole gumba ukingoni. Akachukua la pili. La tatu. Kisha akachukua lile la zamani, akayaweka pamoja na kunipa.

Yalikuwa yamelika. Yote. Kila moja lilikuwa jembamba upande uleule, na bonde lilelile katikati, na hata mkwaruzo mdogo ambao jiwe fulani la Luofu liliuchora mwaka usiojulikana, kila sabo jipya lilikuwa nao. Kiwanda kilikuwa kimenakili uzee wa pikipiki ya mama, carton nzima ya uzee.

Nilipandwa na hasira, sitaficha. Nilikifokea kiwanda, nikawafokea Wachina ambao hawakunisikia, nikaipiga carton teke na kuumia kidole. Nikamgeukia fundi: "Na wewe unatazama tu!" Halafu nikakaa juu ya tairi, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Mimi, mwalimu wa hesabu, ninayewachapa watoto kwa maneno wanaposahau kuandika vipimo, nilituma kitu ng'ambo ya bahari bila kipimo hata kimoja. Nafasi ya mama ilikuwa imebakiwa na siku zinazohesabika kwa vidole, nami ndiye niliyeipoteza. Nilimwambia hivyo, nikilia.

Fundi alikuwa anacheka. Hakunicheka mimi, aliyacheka masabo, kwa furaha kabisa. "Hawa batu ni bafundi," alisema. "Angalia! Wamefanya kile tuliwaomba. Hata mukwaruzo!" Akaligonga moja kwenye nyundo na kusikiliza. "Chuma ni nzuri. Ni nyepesi sawasawa. Iko napungukiwa nyama tu." Angeweza kuongeza nyama, kwa kubandika ngozi ya breki ukingoni. Shida ni kiasi gani. Ikizidi kidogo, sabo linakwaruza ngoma hata pikipiki ikipumzika; ikipungua kidogo, linateleza kilimani na mama anarudi kinyumenyume. Kipimo cha asili hakikuwa na mtu anayekijua. "Nani anamujua huyu akiwa muzima?" fundi akauliza, akiitazama pikipiki.

"Miye," mama akasema.

Akafungua kikapu chake, akatoa kile kipembe cha mbao. Akakiegemeza kwenye ubavu wa injini, akainama, akaweka sikio. "Washa," akamwambia fundi.

Nimeona watu wengi wakifanya kazi, mais sijawahi kuona kazi kama ile. Fundi alibandika, akatia sabo ndani, akawasha, akakaza gazi polepole. Mama alifumba macho na kuinua mkono wake wa kushoto, vidole vimenyooka. "Bado. Inaamka mapema." Fundi alifungua, akasugua kwa tupa, akafunga. "Bado. Inakamata upande moja." Akatupa yale, akachukua mengine kwenye carton, akaanza upya. Hapo ndipo nilipoelewa carton ile ilikuwa baraka. Kama yule mfanyabiashara angenitii na kuleta moja, fundi angeliharibu jaribio la kwanza na hadithi ingeishia pale. Sasa aliharibu bila hofu. Aliharibu siku ya Jumatatu, akaharibu Jumanne. Mafundi wa mabanda jirani walikuja kusimama, wakazima mashine zao mama asikie vizuri. Mtu aliyepiga honi barabarani alitukanwa na watu wanane kwa pamoja.

"Ulijuaje hivyo?" nilimuuliza mama tulipokuwa tunakunywa chai.

"Miaka yote hii niko juu yake," alisema. "Wewe hujui sauti ya darasa yako kama kuna mutoto mugonjwa?"

Alhamisi Kuu, kabla ya kengele za misa, fundi aliwasha tena. Mama akasikiliza. Mkono uliinuka, ukakaa juu, na nikangoja neno lile la siku nne. Halikuja. Alifumbua macho. "Ee," alisema. "Ndiye huyu." Gurudumu la nyuma likaanza kuzunguka, polepole, kama mtu anayekwenda kukomunika altareni. Fundi alivua kofia. Nikampigia mzee wa Beni, nikashikilia simu karibu na bomba la moshi, naye akakohoakohoa sana.

Mama alikisugua kipembe kwa sabuni mara tatu nzima, kikabaki na harufu kidogo ya oili. Jumamosi Kuu asubuhi alijifunga kitambaa kichwani, akapanda kilima. Nilimfuata nyuma kwa taximan, kwa sababu sikuwa na imani, niseme ukweli. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake. Kwenye kona ya tatu udongo mwekundu ulimshinda taximan wangu. Aliteleza, akaniangusha kwa adabu pembeni, akaanza kuhangaika na embrayage na vitesse, injini inazimika, anawasha, inazimika. Na juu yetu, kati ya mashamba ya maharage, niliona kitu chekundu kinapanda. Hakikukimbia wala kusitasita. Mama alikuwa amesimama juu ya vikanyagio, mgongo umenyooka, mkono wa kuume umeshika gazi, na ule wa kushoto umelala tu juu ya usukani, vidole vimenyooka, haukuombwa kitu. Nilisimama kwenye matope nikalia kwa furaha. Taximan akaniuliza, "Ule ni nani?" Nikamwambia, "Ni mama yangu," na nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Nilimalizia kwa miguu, viatu mkononi. Pikipiki ilikuwa mlangoni pa kituo, inatoa mvuke. Mkubwa wa bureau alikuwa pale na daftari lake, alikuja tangu alfajiri na watu wa chanjo, na nadhani alikuja pia kuona kama Pasaka itamletea mkunga. Aliponiona nimejaa udongo mpaka magotini, alinipa mkono wake safi.

"Mwalimu, aksanti sana," alisema. "Umetuletea mama."

Nikafungua mdomo. Ndani, nyuma ya pazia, mwanamke mmoja alikuwa amelala na uchungu wake, na mama alikuwa ameinama, kipembe juu ya tumbo, sikio juu ya kipembe, mkono wa kushoto umeinuliwa.

"Nani anilete? Ule nilimuacha kwenye matope," alisema bila kufumbua macho. "Nimejileta. Na munyamaze kidogo, niko nasikiliza mutoto."